Chapati za Jumatano ya Kufunga

Mtaani kwetu Section 58 hakuna mtu asiyejua kwamba nimeokoka. Nimehakikisha. Juu ya mlango wa duka langu la kushona nimeandikisha mstari wa Zaburi kwa rangi nyekundu, ingawa fundi wa rangi alikosea vipimo na maneno matatu ya mwisho yamebanana kwenye kona. Simu yangu ikilia, inaimba pambio. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshaweka kwenye status ya simu aya moja ya Biblia, picha moja ya jua likichomoza, na onyo moja kwa wanaolala sana. Mtu akinisalimia "sasa," namjibu "Bwana asifiwe," kisha nangoja aseme "Amina." Asiposema narudia kwa sauti zaidi, maana huenda hakusikia. Vijana wa bodaboda pale kwenye kona wananiita Pastor. Sijawahi kuwa pastor. Sijawahi kuwakataza pia.

Mume wangu naye ameokoka, ila kwa sauti ya chini. Yeye huomba akiwa amekaa kitandani anavaa soksi, na ukipita unaweza kudhani anatafuta soksi ya pili. Wakati mmoja aliniambia, "Wewe, Mungu akitaka kujua mipango yako, anasoma status yako tu kama sisi wengine." Nilinuna siku mbili. Nilisema anapigwa vita na adui.

Sasa, mtu aliyeokoka hadharani namna hiyo huletewa shida za watu. Wateja walikuja na vitambaa vyao, nikawapima kifua na kiuno, na kabla sijafika kwenye urefu wa mkono walikuwa wameanza kuniambia mambo ya nyumbani. Mmoja ana ng'ombe kule Kuresoi anayekataa kukamuliwa na mkaza mwana. Mwingine anafanya mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Mwalimu mmoja anataka kuhamishwa kutoka shule ambayo mwalimu mkuu wake hapendi mtu anayecheka. Wote niliwaambia neno moja: "Nitakuombea." Lilikuwa linanitoka kirahisi, jinsi wengine wanavyosema "haya basi" ili mtu aende zake.

Niseme ukweli, maana ndio ulionifanya nisimulie haya. Kati ya kila watu kumi nilioahidi kuwaombea, labda niliwaombea wawili, na hao wawili walikuwa na bahati ya kukutana nami tena kabla sijasahau. Waliobaki niliwatia wote kwenye gunia moja na kulifunga mdomo kwa sentensi moja usiku kabla ya kulala: "Na wale wote walioniomba niwaombee, Bwana, wewe unawajua." Anawajua, kweli. Mimi ndiye niliyekuwa siwajui tena. Lakini dhamiri yangu ilikuwa imetulia, na nililala usingizi mzuri.

Basi Ijumaa moja akaja mama mmoja anayefulia watu nguo hapa mtaani. Kwake ni Kaptembwo, upande ule mwingine wa mji, na siku ambazo hana nauli ya boda huja kwa miguu. Nilikuwa namjua kwa salamu tu. Alikuwa ameleta sketi ya shule ya binti yake niishushe pindo. Nikaipokea, nikaifungua pindo pale pale kwa wembe, naye hakuondoka. Alisimama akishika meza.

"Mama, wewe si huwa unaomba?" akaniuliza.

"Ndiyo kazi yangu," nikasema. Kazi yangu ni kushona.

Akageuka kuangalia kama kuna mtu mlangoni, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameoga akashika kitu kwenye ziwa, kigumu, kinachoteleza. Alikuwa ameenda hospitali, wakamchoma sindano kubwa na kutoa kipande cha kupima. Majibu yalikuwa yatoke Jumatano saa nne asubuhi. Mume wake alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha na mama huyu alikuwa bado hajamwambia. Nikamuuliza kama amelieleza kanisa lake.

"Nikisema huko kwetu, jioni hiyo hiyo watakuwa wanapanga nani atapika kwa matanga," akasema. "Watu wetu wananipenda, lakini wana haraka." Kisha akaanza kulia, na mimi nikamshika mabega.

Nataka mjue kwamba nilimhurumia kwa dhati. Niliogopa naye. Tatizo ni kwamba nikihurumia, mdomo wangu hukimbia mbele, na moyo hauwezi kuufikia. "Nitakuombea" nikaona ni neno dogo kwa shida kubwa kama ile. Nikasema, "Dada, tutafunga. Mimi na wewe. Jumatano hatutatia kitu mdomoni mpaka majibu yatoke. Kavu kabisa, hata maji hapana."

Akaacha kulia. "Utafunga kweli? Na hii kazi yako yote?"

"Mimi na kufunga ni mtu na ndugu yake," nikamwambia. Mara ya mwisho niliyofunga nilifungua saa tano na nusu kwa sababu ya harufu ya vitunguu vya jirani. Hilo sikulitaja.

Aliondoka akiwa ameinua kichwa. Nakumbuka nilimtazama akienda na nikajipenda sana.

Wiki hiyo nilikuwa na majoho ishirini na manne ya kwaya, rangi ya zambarau, kola nyeupe, ya kuvaliwa Jumapili hiyo hiyo bila kukosa. Mwenyekiti wa kwaya alinipigia simu Jumatatu kuuliza yamefika wapi, akapiga Jumanne mara mbili, na kila mara nilimjibu "kwa neema ya Bwana tunaendelea," maana yake yalikuwa bado ni vitambaa. Jumatano niliamka kichwani nina kola tu. Kabla ya kutoka kitandani nilipitia kikundi cha akina mama kwenye simu, nikaona picha ya mikono iliyokunjwa imeandikwa kwa herufi kubwa: Jumatano ya kufunga na kuomba, wewe je, umefunga? Nikaiweka kwenye status bila kuisoma mpaka mwisho. Watu arobaini na kitu waliiona. Wawili walinijibu kwamba imewagusa.

Saa nne kamili, na nina hakika ni saa nne kwa sababu jirani yangu mwenye kibanda cha chakula huwa anamaliza sufuria ya kwanza saa hiyo, nililetewa chapati mbili na sahani ya ndengu. Nilizima cherehani. Nilifumba macho nikakiombea kile chakula, kwa utaratibu na kwa bidii, nikakumbuka mpaka mikono iliyokitayarisha. Hiyo ndiyo sala pekee niliyoomba siku hiyo. Nilipomaliza zile mbili niliita ya tatu, kwa kuwa ndengu ilibaki na sikutaka kuitupa.

Ilikuwa inakaribia saa nne na nusu simu ilipoanza kuimba pambio. Nikaona ni yeye. Nilikuwa na kipande cha mwisho mkononi, na pale pale nikakumbuka kila kitu, siku, saa, majibu, kavu kabisa. Nilifikiria nisishike. Nikashika.

"Mama!" alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake nilisikia watu wa hospitali wakipita. "Mama, si ile kitu! Daktari amesema ni uvimbe tu ya kawaida, hakuna cancer! Aki Mungu ni mwema!"

"Haleluya!" nikapaaza sauti, mpaka yule wa kibanda akachungulia. Furaha ilikuwa ya kweli, naomba niaminiwe. Kama ningeishia hapo ningekuwa mwanadamu wa kawaida aliyesahau jambo. Lakini nikaongeza, "Nilijua! Kama saa nne hivi nilihisi moyoni kitu kimeachilia."

Saa nne nilichohisi ni chapati ya pili ikishuka.

"Kweli mama? Saa nne? Ndio hiyo saa daktari aliniita!" Akaanza kulia tena. "Basi usikule. Usifungue bila mimi. Nakuja."

Hakungoja niseme kitu. Baada ya dakika chache alishuka kwenye boda pale mlangoni amekumbatia chupa ya chai. Nilipata muda wa kuficha sahani tu, nikaisukuma chini ya rundo la majoho yasiyokwisha kushonwa, na mchuzi wa ndengu ukamwagikia joho moja la sauti ya pili. Yeye alikuwa ameamka saa kumi alfajiri akapika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa, akaenda nao hospitali na kukaa nao mapajani asubuhi nzima bila kuonja.

"Nilisema majibu ikiwa mbaya tutakunywa tukilia, ikiwa mzuri tutakunywa tukicheka," akasema. "Lakini tutafungua pamoja."

Akamimina kikombe changu kwanza. Alikijaza. "Kunywa polepole, mama. Tumbo tupu haitaki haraka."

Tumbo langu halikuwa na nafasi hata ya dawa. Nilikunywa polepole, kama alivyoniagiza, na yeye akaona ni nidhamu ya mtu aliyezoea kufunga. Aliniongezea cha pili. Midomo yake ilikuwa imekauka, na hakuacha kunishukuru. Nilimtazama nikajisikia mchafu, nikajiambia nitamwambia siku nyingine, asiharibikiwe na furaha yake leo. Mwongo hakosi sababu nzuri. Kabla hajaondoka akanialika kanisani kwao Jumapili, kwa kuwa alitaka kutoa ushuhuda. Nikasema nitakuja. Hiyo ahadi niliikumbuka.

Kanisa lao ni la mabati, liko ndani ndani ya Kaptembwo, na ukifika nje unasikia kinanda kabla ya kuona mlango. Nilifika nimevaa suti ya kitenge niliyoishona mwenyewe na kilemba kilichowazuia watu wa safu mbili kuona mbele. Nikaketishwa kwenye viti vya plastiki vyenye vitambaa, karibu na mchungaji. Wakati wa shuhuda ulipofika, yule mama akasimama mbele na kipaza sauti akakishika kwa mikono yote miwili.

Alieleza yote. Ziwa, sindano, siku tano za kungoja. Akina mama walishika vifua vyao. Kisha akasema kuna mama kutoka Section 58, hata si wa kanisa hili, hata hatujuani sana, aliyefunga kavu kwa ajili yake huku ana kazi ya majoho ya kwaya. Watu wakageuka kunitazama. Niliangalia sakafu, na hiyo nayo ikanipendezesha zaidi machoni pao.

"Na saa nne kamili," akasema, "huyu mama alihisi, na mimi niko kwa daktari saa hiyo hiyo!" Kanisa likalipuka. Alingoja watulie. "Sasa daktari aliniambia nirudi miezi tatu iishe, waangalie kama inakua. Wakanipatia kadi. Wapendwa, hiyo kadi nilirarua. Mtu amefunga, Mungu amejibu, narudi kutafuta nini? Kutafuta ugonjwa? Sirudi!"

"Amina!" wakasema wote, na sauti moja kutoka mbele ilizidi zote. Ilikuwa yangu. Ilinitoka kabla sijasikia nilichokuwa naitikia, kwa mazoea ya miaka.

Ndipo nikasikia. Nikaelewa kwamba huyu mwanamke ana uvimbe kwenye ziwa ambao daktari anataka kuuangalia tena, na kwamba hatarudi kwa sababu ya chapati zangu tatu.

Mchungaji akaniita mbele nisalimie kanisa. Nilipewa kipaza sauti. Hapo ndipo nilipaswa kusema, na nilijua. Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakajibu. Nikasema, "Bwana asifiwe tena." Wakajibu tena. Nilikuwa nimebakiwa na sentensi moja tu, fupi, na mbele yangu yule mama alikuwa ananitazama kwa macho ambayo hakuna mtu amewahi kunitazama nayo, hata mume wangu siku ya arusi. Nikasema, "Utukufu wote ni wa Mungu. Mimi si kitu." Wakapiga makofi kwa unyenyekevu wangu. Ilikuwa kweli tupu na bado ilikuwa uongo. Nilirudi kwenye kiti cha plastiki.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu tukiwa mezani. Nilimweleza yote, hata joho. Alisikiliza huku akichambua mifupa ya samaki, na nilikuwa nangoja anicheke, ningefarijika.

"Umemwambia?" akauliza.

"Bado. Natafuta njia nzuri. Nisije nikaivunja imani yake."

"Unangoja ikue ndio umwambie?"

Alimaliza samaki wake na kuondoa sahani. Sikuweza kumnunia safari hii.

Jumatatu nilifunga duka mchana nikaenda Kaptembwo. Nilimkuta uani kwao, kwenye plot ya nyumba za kupanga yenye milango minane, anafua nguo za watoto wake. Akanifutia kigoda. Nami, badala ya kusema nilichokuja kusema, nikaanza kuzunguka. Nikamwambia Mungu hutumia hata madaktari. Nikamkumbusha kwamba mmoja wa walioandika Injili alikuwa daktari. Nikamwambia imani bila matendo imekufa, na kwenda kliniki ni tendo. Nilihubiri vizuri mno siku ile, kuliko wengi wenye vyeti.

Alikamua shati akalitundika. "Mama, sasa ni wewe unaniambia hivyo? Si ni wewe ulifunga? Si ni wewe ulihisi? Ama unanijaribu uone kama nitatingisika?" Akacheka. "Sitingisiki."

Nikaona nimejengewa ukuta kwa matofali yangu mwenyewe. Hakukuwa na aya ya kuutoboa.

"Sikufunga," nikasema.

"Ati?"

"Jumatano. Sikufunga. Nilisahau. Nilikula chapati tatu na ndengu. Ile saa nne nilikuwa nakula."

Alikuwa ameinama juu ya beseni. "Na kuhisi?"

"Sikuhisi kitu. Nilisema tu."

"Na ile uji yangu ulikunywa juu ya chapati?"

"Vikombe viwili."

Kama angecheka, ningecheka naye, na leo ningekuwa naisimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alikaa chini kwenye saruji iliyolowa, akapangusa povu mikononi polepole, kidole kwa kidole.

"Mimi nilikuwa kwa hiyo benchi natetemeka," akasema. "Njaa, na woga. Kuna mama aliitwa kabla yangu, akatoka amebebwa na dada zake, analia. Mimi sina dada hapa. Nikajiambia, usijali, mahali kuna mtu mwingine ana njaa kama yangu, kwa sababu yangu. Tuko wawili. Hiyo ndio ilinishikilia mpaka nikaitwa." Akanitazama. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

Nililia. Sikulia kile kilio cha kanisani. Nilimwomba msamaha, nikamwomba arudi hospitali, nikavichanganya vyote viwili kwa sauti iliyopanda mpaka mlango wa jirani ukafunguka. Akaniambia niende, ana nguo za kumaliza. Nikauliza, "Lakini utarudi kwa daktari?"

"Nitafikiria. Na mama, usiniambie utaniombea."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Alibadilisha njia, akawa hapiti mbele ya duka. Sketi ya binti yake nilimtumia kwa boda, na yule kijana wa boda akarudi akasema, "Pastor, amesema sawa." Nikamwambia asiniite Pastor. Akaniuliza kama nimerudi nyuma. Niliacha kuweka status, na siku ya tatu mume wangu akauliza kama simu imeharibika. Mteja mmoja akanieleza habari za shamba lao lililoingia mahakamani, akamaliza na kungoja neno lake, na mimi nikababaika, nikasema, "Pole sana." Aliondoka na kitambaa chake. Nafikiri aliona huduma imeshuka.

Usiku niliomba. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliomba kwa ajili ya mtu mmoja, jina moja, jambo moja: arudi kwa daktari. Sikumwambia yeyote, na ilinichosha kuliko kufua mablanketi.

Karibu na mwisho wa ile miezi mitatu nikapata ujumbe kwenye simu. Haukuwa na salamu. "Nilienda nikaitisha kadi ingine. Ni Jumanne, saa mbili. Ukitaka kuja, kuja. Usiseme utakuja."

Sikujibu, kwa kuwa nilikatazwa kusema, na sikujua ni jibu gani lisilokuwa kusema. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kliniki, kabla ya muuguzi mwenye ufunguo. Baridi ilikuwa kali. Nilikuwa sijala. Sikuwa nafunga, niliogopa tu kwamba nikisimama kutafuta chai, yeye atapita asinione.

Alikuja saa moja na robo. Alinikuta, akasimama kidogo, akakaa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Hatukusalimiana kwa Bwana asifiwe wala kwa sasa. Akaniuliza kama ile kwaya ilivaa majoho. Nikamwambia ilivaa, na lile la mchuzi lilivaliwa na mwimbaji anayesimama nyuma. Mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja. Kisha akatazama mlango wa daktari na uso ukarudi ulivyokuwa. Nilisogea kwenye ile nafasi. Hakunisukuma.

Walipomwita, akasimama, nami nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Kama unaomba, omba, hiyo ni yako na Mungu. Mimi nataka kitu moja tu. Kaa hapo. Nikitoka nikuone."

Nikakaa. Walimpeleka kwenye mashine, wakamrudisha, wakamwingiza tena kwa mlango mwingine. Ilichukua karibu saa mbili. Nilihitaji choo tangu saa mbili na nusu na sikuinuka. Mama mmoja alinisihi niende, yeye atanishikia nafasi, nikamwambia siwezi, na sikumweleza kwa nini. Sikumbuki niliomba nini. Nilikuwa na hofu tu, na jina lake, na sikuwa na neno lingine la kupamba nalo.

Alitoka amekunja kitambaa cha kichwa mkononi. Alinitafuta kwa macho kabla hata ya kufunga mlango, akaniona.

"Haijakua," akasema. "Iko vile ilikuwa. Nirudi miezi sita."

Nilimkumbatia, tukasimama hivyo njiani, watu wakatuzunguka. Nililia begani kwake na nilihitaji choo vibaya sana.

"Tutakuja," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Akajitenga nami kidogo, akanitazama usoni, kisha akaitia kadi kwenye mkoba na kuufunga zipu.

"Mimi nitakuja," akasema. "Wewe, tutaona."